Alikataa, Akanyamaza

Mwanasheria aliwapa ushauri mmoja tu, tena bure, akiwa amesimama mlangoni mwa kliniki ya meno huku ganzi ikiwa bado imemjaa shavuni: mumeo ajibu anachoulizwa, asiongeze hata nukta, kisha afunge mdomo. Kerryn, ambaye kazi yake pale kliniki ilikuwa kupokea wagonjwa, alimshukuru, akarudi mezani kwake na kuyaandika maneno hayo nyuma ya kadi ya miadi ili lisipotee hata moja. Jioni alimsomea mumewe. Adelmo alicheka. Alisema mtu asiye na la kuficha haogopi kuulizwa.

Miaka minane ilikuwa imepita tangu Adelmo Surace aache tenisi ya kulipwa. Alikuwa ameicheza miaka kumi na mitatu, katika nchi thelathini na moja, na siku yake bora kuliko zote aliamka akiwa mtu wa mia mbili arobaini na moja duniani. Pale Wirrabeen, mji wa mashamba ya zabibu ukingoni mwa mto Murray, hilo lilitosha kumpa kazi ya kufundisha watoto katika klabu ya mji, kwenye viwanja kumi vya nyasi ambavyo baba yake, mzee Carmelo, alivikata na kuvisawazisha kila Alhamisi bila malipo. Halikutosha kumfanya mtu amuulize ilikuwaje. Wazazi wa wanafunzi wake walikuwa na maswali mawili. La kwanza, kama aliwahi kucheza na wale wakubwa wa kwenye televisheni. La pili, akishajibu hapana: sasa alikuwa anacheza na nani?

Barua iliyotoka Melbourne ilisema ofisi inayosimamia uadilifu wa mchezo inataka mazungumzo kuhusu Heath Varley. Heath alikuwa mwenzake wa michezo ya wawili wawili kwa misimu minne. Sasa Heath alikuwa amekamatwa kwa kuuza mechi, amekiri, na amekabidhi simu zake zote, za sasa na za zamani. Adelmo alitakiwa kufika Jumanne saa nne asubuhi katika moteli iliyo barabara ya kutokea mjini. Mkewe aliruhusiwa kukaa chumbani, ila asiseme.

Aliyewapokea alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, Bi Noelene Prowse, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Aliwamiminia maji, akawasogezea biskuti za moteli, akawasha kinasa sauti. Kisha akafungua faili lake na kusema, kama mtu anayeulizia habari za nyumbani:

"Kabla hatujaanza. Kule Busan ulimfunga mtu wa sabini na nne duniani. Siku ile ulikuwa na homa, sivyo?"

Mkono wa Adelmo ulisimama kwenye glasi. "Umejuaje kama nilikuwa na homa?"

"Daktari wa mashindano aliandika. Nyuzi thelathini na tisa."

"Na nusu," alisema Adelmo. "Thelathini na tisa na nusu."

Hapo ndipo alipoanza. Bi Prowse alikuwa na mechi zake zote kwenye karatasi zile, mia sita na zaidi, na alizipitia mwaka baada ya mwaka, si kwa haraka, akiuliza maswali ya mtu aliyesoma akaelewa. Kwa nini msimu ule alicheza majuma kumi na moja mfululizo? Kwa sababu tiketi ya kurudi nyumbani ilikuwa ghali kuliko kuendelea. Kule Almaty, mbona alishinda mechi mbili kisha akajitoa? Hakujitoa kwa kupenda, hoteli ilimdai hela ya siku moja zaidi naye hakuwa nayo. Adelmo alieleza jinsi alivyokuwa akiwafungia wenzake nyuzi za raketi apate hela ya chakula, jinsi alivyolala kituo cha treni akiwa amejifunga begi mguuni, jinsi mpira unavyoruka juu kule milimani kiasi kwamba mtu mfupi kama yeye lazima asimame mita mbili nyuma. Alisimama hata kuonyesha. Bi Prowse aliitikia kwa kichwa, akaandika.

Kerryn alikuwa mke wake kwa miaka kumi na minne na mengi ya haya alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Mumewe akiwa safarini alikuwa akimpigia simu na kumwambia hali ni nzuri. Nyumbani hakusimulia kwa sababu hakuulizwa. Kerryn alijisikia aibu kwamba hakumuuliza, na chini ya aibu hiyo akasikia woga. Alikuwa ameona wagonjwa wengi wakifungua midomo kwa sababu tu daktari ni mpole.

Saa sita kasoro, Bi Prowse alitoa karatasi moja na kuisogeza mbele ya Adelmo. "Soma hii kwa sauti, tafadhali, kwa ajili ya kinasa."

Ulikuwa ujumbe wa simu wa miaka kumi na mmoja iliyopita, Antalya, Uturuki, usiku wa kuamkia mechi. Adelmo aliusoma. Heath alikuwa ameandika: Kuna mtu hapa chini anataka tupoteze seti ya pili kesho. Elfu mbili kila mmoja. Ya kwanza na ya tatu tunaweza kushinda tukitaka. Na chini yake jibu lake mwenyewe: Mimi simo. Usiniulize tena.

Jibu lile alilisoma kwa sauti ya juu kidogo. "Umeona? Nilikataa."

"Nimeona. Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia yeye."

"Mwingine?"

"Hakuna."

"Ulijua kwamba sheria inakutaka utoe taarifa? Mtu akikuletea jambo kama hili, kukataa ni nusu ya wajibu."

Adelmo alisema kila Januari walitia sahihi kurasa arobaini, na hakuna mchezaji aliyezisoma. Bi Prowse aliitikia kwa kichwa tena, bila ubaya. "Kwa nini hukusema?"

Kerryn alimtazama mumewe. Palikuwa na jibu fupi hapo: sikujua. Lilikuwa kweli, na lingetosha.

"Mama yangu alipofariki nilikuwa Tashkent," alisema Adelmo. "Sikuwa na kitu. Heath alinikatia tiketi. Dola elfu moja na mia nane, na yeye mwenyewe alikuwa anakula mkate na chai. Nilifika nikamzika mama yangu. Mtu wa namna hiyo unamshtaki vipi? Halafu mimi nilimchukulia ni mtu wa mzaha. Hata kule Calabria..."

Kerryn alimkanyaga chini ya meza. Adelmo alisogeza mguu wake, akidhani amemzuia njia.

Alisimulia Calabria kama mtu anavyosimulia harusi yake. Kijiji cha baba yake, huko kusini mwa Italia, kilikuwa dakika arobaini kutoka uwanjani. Mzee Carmelo, akiwa Wirrabeen, alikuwa amepiga simu nyumba kwa nyumba, na siku ya mechi walikuja ndugu thelathini na wawili, shangazi zake watatu mbele kabisa, na mikate na soseji za pilipili kwenye vitambaa vyeupe. Hawakujua kuhesabu pointi. Walipiga makofi kila mpira ulipogonga wavu. Naye Heath, wakiwa wanabadilisha upande, akamnong'oneza kwamba kuna jamaa angewapa elfu moja wakiachia gemu mbili tu, ndugu zake hata wasingetambua.

"Nikamwambia, mbele ya shangazi zangu? Una wazimu. Tukacheka. Tukashinda sita kwa mbili, sita kwa tatu."

Kalamu ya Bi Prowse ilikuwa imesimama. "Hiyo ilikuwa mwaka gani?"

Akamtajia mwaka, na mwezi, na siku.

Walipoagana, Bi Prowse alimshika Adelmo mkono kwa mikono miwili na kumwambia amewasaidia sana. Garini Adelmo alikuwa mchangamfu, uso umemtakata kama mtu aliyetoka kuoga. Yule mama ni mstaarabu, alisema. Anaijua tenisi. Walipofika kwenye mzunguko wa barabara karibu na stoo ya mbegu, Kerryn alimgeukia.

"Del," alisema. "Yule mama hakuwa na habari ya Calabria."

Adelmo alizunguka ule mzunguko wote, akapita njia ya kwenda nyumbani, akazunguka tena.

*

Uamuzi ulikuja Februari, wiki ya joto ambapo hata mbwa hawakutoka vivulini. Mwanasheria, safari hii kwa malipo, aliusoma ofisini kwake huku wao wakimtazama midomo. Miaka mitatu. Haruhusiwi kufundisha, kusimamia wala kukanyaga klabu yoyote iliyo chini ya chama cha tenisi. Faini dola elfu kumi na mbili. Kwa ile ya Antalya peke yake, alisema, wangempa miezi sita, pengine onyo tu, kwa sababu ushahidi wenyewe ulikuwa unaonyesha amekataa. Lakini mara mbili, kwa mtu yuleyule, hiyo si kusahau tena, hiyo ni desturi. Aliuliza kama hakupewa ule ushauri wake. Kerryn alisema alipewa.

Rufaa ilikuwepo. Ilihitaji dola elfu tisa za kuanzia, na mwanasheria mwenyewe hakuipa matumaini. Waliyafunga mazungumzo hapo.

Mzee Carmelo aliambiwa mezani. Alikuwa na miaka sabini na tisa na alikuwa akila maharage na tambi, bakuli lake liko karibu na kidevu. Ekari kumi na mbili za mizabibu yake ziliuzwa ili mtoto azunguke dunia na raketi, na hakuwahi kulisema hilo, wala hakulisema siku ile. Aliuliza taratibu, kama anayepima ardhi kwa hatua.

"Walikutaka uuze, ukakataa?"

"Nilikataa, baba."

"Hela hukuchukua?"

"Hata senti."

"Sasa wanakufungia nini?"

"Kwa kuwa sikusema."

Mzee alitafuna. "Hiyo ya Uturuki waliikuta kwenye simu. Na hiyo nyingine, waliijuaje?"

Adelmo alitazama meza. "Niliwaambia mimi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anauliza vizuri."

"Siku ile ya dada zangu?" alisema mzee. "Siku ile yenyewe?"

Adelmo aliitikia kwa kichwa. Wale dada sasa walikuwa wamebaki mmoja, na kila Krismasi kwenye simu hakuacha kuitaja siku ile. Mzee alilisukuma bakuli, akatoka nje, akafungua bomba na kuanza kumwagilia nyanya, saa saba mchana, wakati kila mkulima wa bonde lile anajua maji ya saa hiyo huunguza majani.

Kesho yake alikuja Glenys Tudball, mwenyekiti wa klabu. Alikataa chai. Alisema yeye ameletewa barua tu, si yeye aliyeiandika, na hakuna aliyeumia kuliko yeye. Kisha akaanza kuomba vitu kimoja kimoja: funguo za lango, funguo za chumba cha mipira, vikapu viwili, ile koni ya manjano. Na fulana zenye nembo. Ziliandikwa nne.

Adelmo alileta tatu. Ya nne ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa asubuhi. Glenys alisema hiyo haina haraka, ataichukua siku nyingine. Kerryn alitoka, akaianua ikiwa bado inatona, akaikunja vizuri mara nne, akaitia kwenye mfuko wa dukani na kumpa mkononi. Maji yalidondoka sakafuni mpaka mlangoni.

"Mira bado ni mtoto wetu," Glenys alisema akiwa kwenye ngazi. Mira, bintiye Adelmo, alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa wa kwanza katika timu ya wasichana. "Ila wewe, Del, kwenye mechi zake, langoni ndiyo mwisho. Naomba tu usinifanye niseme mara ya pili."

Gazeti la wilaya liliandika kwamba mchezaji wa zamani amefungiwa katika kashfa ya kupanga matokeo, na watu hawakusoma zaidi ya hapo. Wazazi sita walitaka kurudishiwa ada ya muhula. Buchani, mama mmoja alimwambia mwenzake, bila kushusha sauti, kwamba ndiyo maana hakufika popote, alikuwa anaziuza. Adelmo alikuwa nyuma yao kwenye foleni. Alifungua mdomo amweleze yule mama tofauti ya kuuza na kukataa na kunyamaza, akaona maelezo yenyewe ni marefu kuliko foleni, akageuka kumtazama muuza nyama. Usiku alitaka kuandika barua kwa gazeti. Kerryn alimwambia mdomo umeshaponza kichwa, asiuongezee mikono.

Binamu yake alimpa kazi kwenye ghala la kufungasha zabibu kavu. Alisimama kwenye mkanda amevaa kofia ya wavu kichwani, akiokota vijiti na vijiwe, kwa dola ishirini na sita kwa saa. Msimamizi wa zamu alikuwa kijana ambaye Adelmo alimfundisha kupiga mpira akiwa na miaka minane. Alimwita kocha siku ya kwanza, kwa mazoea, watu wakacheka, na baada ya hapo hakumwita jina lolote.

Heath alipiga simu mara moja. Yeye alifungiwa maisha, na sasa alikuwa anauza mabwawa ya kuogelea huko Queensland. Alisema biashara si mbaya. Aliomba msamaha, akaeleza kwamba hakuwa na njia, walizichukua simu zote. Adelmo alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na swali moja ambalo alikuwa amelibeba miaka kumi na mmoja. Seti ile ya pili kule Antalya walifungwa sita kwa mbili, na tangu siku ile hakujua kama walifungwa kwa kuzidiwa, au kama yeye alikuwa akikimbia na kutoa jasho huku mwenzake ameshaiuza.

"Ile seti, Heath. Uliiachia?"



"Sikumbuki, Del," alisema Heath. "Naapa sikumbuki. Zilikuwa nyingi."

*

Fainali ya wasichana ilikuwa Jumamosi ya pili ya Machi. Kerryn alikuwa zamu kliniki. Mzee Carmelo alikuwa hajaacha kukata nyasi za Alhamisi; Adelmo alipomwambia aache kwa jinsi walivyowatendea, mzee alijibu kwamba nyasi hazijamkosea mtu. Kwa hiyo viwanja siku ile vilikuwa laini kama kitambaa cha meza, na mzee aliingia langoni amevaa shati lake la kanisani, akaketi benchi la mbele, uwanja wa tatu.

Adelmo aliegesha gari ng'ambo ya barabara, madirisha wazi. Uzio wa klabu ulikuwa umefunikwa kitambaa kizito cha kijani kuzuia upepo, na hakuona kitu ila vichwa vya miti. Baada ya gemu mbili akatoka, akavuka, akasimama kwenye majani ya kando ya barabara, hatua moja nje ya uzio. Baba yake akasogea upande wa ndani, wakawa wanaongea kupitia kitambaa.

"Vipi?"

"Kapiga nje."

"Nani, Mira?"

"Mira. Halafu yule mwingine naye kapiga nje. Mira kakasirika, anapiga kiatu kwa raketi."

"Anasimama wapi akingoja mpira?"

"Kwenye mstari."

Adelmo aliuma mdomo. Angesogea nyuma nusu hatua tu. Hakusema. Aliijua barua ya adhabu neno kwa neno, kufundisha ni pamoja na kutuma maelekezo, naye alikuwa ameapa kwamba safari hii hata nukta hataiongeza. Seti ya kwanza Mira alipoteza, sita kwa nne. Ya pili ilianza vizuri.

Mtu alikuwa amelalamika. Adelmo alizisikia nyayo kwenye changarawe, kisha sauti ya mwanamume asiyemfahamu, msimamizi aliyetumwa kutoka mji mwingine kwa siku ile. Mtu huyo aliongea na mzee Carmelo kwa sauti kubwa na polepole, akitenganisha kila neno, kama mtu anavyoongea na mtoto au na kiziwi. Hapa. Hairuhusiwi. Kupeleka. Habari. Unanielewa? Mzee alikuwa ameishi bonde lile miaka hamsini na nane. Alikuwa ameipanda nyasi ile aliyosimama juu yake.

"Naelewa," alisema mzee.

"Ama urudi benchi, ama utoke. Unanielewa, baba?"

Mchezo ulikuwa umesimama. Adelmo alijua umesimama kwa sababu mpira haukusikika, na alijua binti yake alikuwa mstarini, mita nane kutoka pale, anatazama. Aliweka kiganja kwenye kitambaa cha kijani. Angesema kitu, sauti yake ingekuwa ushahidi, na adhabu ingemwangukia Mira. Akakiondoa kiganja.

Mzee Carmelo alitoka langoni akitembea wima. Alivuka barabara bila kutazama magari, akafungua mlango wa mbele wa gari, akaketi, akaweka mikono magotini. Shati la kanisani lilikuwa limemganda mgongoni. Adelmo aliingia upande wake.

Mpira ukaanza tena kusikika. Kwenye nyasi hausikiki sana, ila mtu aliyeusikiliza miaka thelathini hahitaji zaidi. "Huyo Mira," alisema Adelmo taratibu. "Huyo mwenzake, anaukata mpira, unasikia, kama mtu anayefuta vumbi. Huyo Mira tena. Mira. Ameupata huo." Baba yake alisikiliza amefumba macho. Adelmo alihesabu: mbili kwa mbili, tatu kwa mbili, tatu kwa tatu. Kisha gemu ndefu, mara sita sawa kwa sawa, na mwisho wake pigo moja la mikono miwili ambalo alilifundisha yeye, na kimya cha upande wa pili.

"Nne kwa tatu," alisema. "Anaongoza."

Mzee aliitikia kwa kichwa.

Walisubiri. Wachezaji walikuwa wakibadilisha upande, na hilo lina dakika yake na nusu. Ikapita. Ikapita nyingine. Kisha wakasikia makofi, machache, yaliyokatika katikati kama ya watu wasiojua kama wapige.

"Ni ya nini hayo?" aliuliza mzee.

Adelmo hakujua. Ilikuwa mapema mno. Hakuna kitu cha kupigiwa makofi kwenye nne kwa tatu.

Lango lilifunguliwa na Mira akatoka, begi begani, nywele zimemganda usoni. Hakukimbia. Alitazama kulia na kushoto kama alivyofundishwa tangu utotoni, akavuka barabara. Adelmo alikuwa ameshashuka.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Nini sasa? Ulikuwa unaongoza. Nne kwa tatu."

"Najua."

"Basi rudi. Waambie ulikwenda chooni, wana dakika tano za kukungoja. Rudi, Mira."

"Nimeshampa mkono, baba. Imekwisha."

Adelmo alikuwa amecheza mechi mia sita na kumi na moja. Alizicheza na homa, na ubavu uliopasuka, na juma moja baada ya kumzika mama yake, na hata zile ambazo mtu mwingine huenda alikuwa ameshaziuza hakuwahi kumpa mpinzani mkono kabla ya mpira wa mwisho. Maneno ya kumwambia binti yake alikuwa nayo, mengi, ya kocha na ya baba. Alifungua mdomo aanze na la kocha. Mira alimpita, akafungua mlango wa nyuma, akatupa begi ndani na kuingia. Akainama mbele, akamgusa babu yake shingoni kwa mgongo wa mkono, kama mama yake anavyompima mtu homa.

"Washa gari, baba," alisema. "Babu anachemka."

Adelmo alitazama lango. Lilikuwa hatua kumi na tano kutoka pale, na bado lilikuwa wazi. Kisha akaingia, akawasha gari.